Amosi, Mchanja Mikuyu wa Tekoa: Jinsi Asikiwavyo Ufukoni mwa Nyasa

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, miaka kadhaa iliyopita, nalikuwa mgeni katika kanisa dogo lililo kati ya Ipinda na Matema, wilayani Kyela. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu pasipo kupumzika, mto wa Lufilyo ulikuwa umevuka kingo zake, na mashamba ya mpunga yalikuwa yamegeuka ziwa dogo kando ya ziwa kubwa. Somo la siku ile lilitoka katika sura ya tano ya kitabu cha Amosi. Baada ya ibada mzee mmoja, msomaji mzuri wa Biblia, alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, umeona mwenyewe. Hukumu imekuja na maji, kama alivyosema nabii." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Sikumjibu, kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Lakini neno lake limekaa nami tangu siku ile, nalo ndilo asili ya makala haya. Mzee yule alikuwa amesoma sawasawa maneno yaliyo mbele yake, hata hivyo alikuwa amesikia jambo ambalo, kwa maoni yangu, nabii hakulisema. Kosa halikuwa la mzee. Lilikuwa limelala katikati, baina ya Kiebrania cha karne ya 8 K.K. na Kiswahili cha mwaka 1952, ambao ndio mwaka iliotoka Biblia nzima ya Muungano. Nataka kuonyesha kwamba mtu wa Kyela anavyo vitu vyote vya kumwelewa Amosi kuliko wasomaji wengi wa ulimwengu: anao mkuyu, anao mto usiokauka, anakijua kipimo cha udanganyifu, anazo hata habari za watawala waliotoka mbali wakadai utukufu kwa safari yao. Alichopungukiwa ni maneno machache tu.

Na tuanze kwa mtu mwenyewe na wakati wake. Amosi alitoka Tekoa, kijiji kilicho kusini mwa Bethlehemu, juu ya milima kupita mita 800, ukingoni mwa jangwa la Yuda. Alisema maneno yake kwa muda usio mrefu, yapata mwaka 760 K.K., wakati Uzia alipotawala Yuda na Yeroboamu wa pili alipotawala Israeli ya kaskazini. Ijapokuwa alikuwa mtu wa kusini, alikwenda kunena kaskazini, katika ufalme usiokuwa wake. Hili si jambo dogo. Maneno makali ya jirani huumiza, lakini maneno makali ya mgeni huudhi.

Ufalme wa kaskazini ulikuwa katika siku zake njema. Dameski ilikuwa imedhoofika, Ashuri ilikuwa bado haijanyosha mkono, na njia za biashara zilikuwa wazi. Wachimbuaji wa Samaria, waliofanya kazi miaka ya 1908 hadi 1910 na tena tangu 1931 hadi 1935, walitoa ardhini vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochorwa kwa ustadi, vya kupambia viti na vitanda. Pia walipata vigae vilivyoandikwa kwa wino, hesabu za divai na mafuta yaliyoletwa mjini kutoka mashambani. Mtu akisoma maneno ya Amosi juu ya vitanda vya pembe, na juu ya watu wanywao divai kwa mabakuli, kisha akaviangalia vigae vile, huona pande mbili za jambo moja. Vigae havilalamiki. Vinataja tu mahali, jina, na mtungi. Lakini mtungi ule ulitoka kwa mtu fulani.

Kichwa cha kitabu chatuambia kwamba Amosi alinena miaka miwili kabla ya tetemeko la ardhi, na tetemeko lile lilikuwa kubwa kiasi cha kukumbukwa hata katika kitabu cha Zekaria, muda mrefu baadaye. Huko Hasori wachimbuaji walikuta kuta zilizoinama na kuanguka, za wakati ule ule. Msomaji wa ufuko wa Nyasa hahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wa Desemba 2009 ardhi ya Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, ilitetemeka mara kwa mara hata watu wakalala nje, na huku Kyela mtikisiko ulisikika. Walimu wetu wa zamani wa jiografia walikuwa wakitufundisha kuwa Bonde la Ufa ni moja, tangu Lebanoni hadi Msumbiji. Wataalamu wa sasa wana maneno mengi ya kuongeza juu ya somo lile, lakini kwa msomaji wa Amosi yatosha kwamba Tekoa iko juu ya ufa mmoja na Matema iko chini ya mwingine.

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana hapa ndipo watu wengi hupita mbio. Wahubiri wetu hupenda kumfanya Amosi maskini asiye na elimu, mchunga kondoo aliyeokotwa malishoni. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Neno la Kiebrania litumikalo katika mstari wa kwanza, noked, limetumika mahali pengine kwa Mesha, mfalme wa Moabu, ambaye alikuwa tajiri wa kondoo. Na katika sura ya 7 ajiita kwa neno lingine, lenye asili ya ng'ombe, kisha ataja mikuyu. Basi hapa pana tatizo zuri. Mkuyu haumei Tekoa, kwa sababu ya baridi ya mlimani. Humea chini, katika nchi tambarare ya magharibi na katika bonde la Yordani. Kwa hiyo Amosi alikuwa na mifugo juu na miti chini, akipanda na kushuka kwa majira. Mtu wa Rungwe mwenye migomba na ng'ombe kule juu, naye ana kipande cha shamba la mpunga Kyela chini ya mita 500, ataitambua mara moja hali hii. Mtu wa namna hiyo si lazima awe tajiri, lakini si mjinga. Ajua soko la juu na soko la chini, ajua bei za kila mahali.

Na mkuyu wenyewe ni mti gani? Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha za Ulaya hazina. Mwingereza asomapo neno la tafsiri yake hufikiri mti mwingine kabisa, wa kwao. Mswahili asomapo mkuyu, husoma mti ule ule hasa, kwa kuwa ule wa Biblia ni wa aina moja na mkuyu wetu uotao kando ya mito ya Afrika ya Mashariki. Mti huu asili yake ni Afrika, na kwa Misri na Palestina ni mgeni wa siku nyingi.

Walakini ugeni huo uliacha jambo moja nyuma. Huku kwetu mkuyu unao mdudu wake, mdogo kama chembe, aingiaye katika tunda na kuchavusha maua yaliyofichwa ndani. Nalo tunda huiva lenyewe na kuzaa mbegu. Kila mtoto aliyewahi kupasua kuyu amekutana na wadudu ndani yake, akalitupa au akapuliza na kula. Kule kaskazini mdudu yule mchavushaji hayuko. Mti hauzai mbegu, na tunda likiachwa huharibiwa na wadudu wengine. Ndipo watu wa kale wakagundua dawa: hupanda mtini na kulichanja kila tunda kwa chuma likiwa bado bichi, nalo baada ya kuchanjwa hukua upesi na kuwa tamu kabla wadudu hawajatoka. Theofrasto, Myunani mwenye elimu ya mimea, aliandika kuwa tunda huiva siku ya nne. Mtaalamu J. Galil alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1968. Na wale wazee waliotafsiri Biblia kwa Kiyunani, ambao waliishi Misri na kuiona kazi yenyewe, walitumia neno la kuchanja.

Biblia ya Muungano yasema "mtunza mikuyu". Si uongo, lakini ni neno pana mno. Kutunza ni kupalilia na kufukuza ndege. Ningependa tuandike mchanja mikuyu, hata kama msomaji wa Kyela atauliza, "Kuchanja kwa nini?" Na aulize. Akiisha kuambiwa, atamwona mbele yake mtu aliyeshinda mtini na kisu, akikata tunda moja baada ya moja, mamia kwa mamia, akijua kwamba pasipo jeraha hapana utamu. Ulimi wake uliumbwa na kazi ile.

Kazi hii ndiyo aliyomjibia Amazia, kuhani wa Betheli. Amazia alimfukuza arudi kwao Yuda akale mkate wake huko kwa unabii, yaani alimhesabu kuwa mtu wa mshahara. Jibu la Amosi ni kwamba anayo kazi. Siku hizi jina la nabii limeandikwa katika mabango ya barabarani, na maji na mafuta yana bei yake. Kwa hiyo mstari huu wahitaji ufafanuzi mdogo sana, nami nauacha.

Ustadi wake wa kunena waonekana tangu sura mbili za kwanza. Aanza kwa kuwalaani jirani wa Israeli mmoja mmoja: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Wasikilizaji wa Betheli bila shaka walipiga makofi. Kisha ataja Yuda, kwao mwenyewe, na makofi huenda yakazidi. Mwisho awageukia wao. Ni mtego wa mwindaji: azunguka mbali, apunguza duara, na mnyama aendelea kula majani. Tuangalie hasa kosa la Gaza na la Tiro. Hawahukumiwi kwa kuabudu sanamu. Wahukumiwa kwa kuteka watu wa vijiji vizima na kuwauza. Wazee wa upande huu wa ziwa walikuwa na jambo la kulinganisha. Mwaka 1887, huko Kambwe karibu na Karonga, Wangonde wengi waliuawa na watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na wengine wakatekwa. Vita vikaendelea, na Mlozi mwenyewe alinyongwa Desemba 1895. Mlozi alikuwa mtu wa biashara iliyotoka pwani ya bahari, nayo lugha ya biashara ile ilikuwa Kiswahili. Sisi tunaofundisha Kiswahili tusilifiche hili. Lugha iliyompa Amosi sauti ufukoni mwa Nyasa ndiyo iliyotumika zamani kuhesabia watu waliofungwa shingoni, na msomaji wa Amosi awezaye kulikumbuka hilo atasoma sura ya kwanza kwa makini zaidi.

Baada ya duara kufungwa, makosa ya Israeli yatajwa, nayo ni ya sokoni na ya barazani: maskini auzwa kwa jozi ya viatu, nguo iliyowekwa rehani yatandikwa kando ya madhabahu, kipimo cha kuuzia kimepunguzwa na jiwe la kupimia fedha limeongezwa, na takataka za ngano zauzwa pamoja na ngano. Hapa sihitaji kuwa mwalimu. Mpunga wa Kyela una sifa katika nchi nzima kwa harufu yake, na mtu akienda Dar es Salaam ataonyeshwa magunia mengi ya mchele wa Kyela kuliko mashamba ya Kyela yawezavyo kuzaa. Huko shambani nako mna mambo yake. Mnunuzi huja na debe lililotanuliwa tumbo. Gunia hushonewa kilemba juu, likaitwa lumbesa, na mkulima hulipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yakataza, na lumbesa yaendelea kupakiwa. Kwa kakao pia, mwenye shida ya ada ya shule au ya ugonjwa huuza tunda lingali mtini kwa yeye mwenye fedha mkononi, kwa bei ya huyo mwenye fedha. Mnada wa vyama vya ushirika umewasaidia wenye kakao ya kusubiri. Asiye na muda wa kusubiri hana cha kupeleka mnadani. Amosi angesema neno gani juu ya hili tunalijua, maana ameshalisema. Mtu aliyeuza matunda ya mkuyu, chakula cha maskini, alikijua kipimo kwa pande zote mbili.

Wapo wanaosema kwamba watu wa ufuko huu walikuwa na Amosi wao kabla ya wamisionari kufika mwaka 1891. Hoja yao wameijenga juu ya maandiko ya Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, na ambaye vitabu vyake vilitoka baadaye, cha kwanza kikiwa Good Company cha mwaka 1951. Aeleza imani ya embepo sya bandu, yaani pumzi au baridi ya watu. Mtu akimdhulumu jirani, au mkuu akiwa mchoyo na mkatili, watu wa kijiji hunung'unika. Na manung'uniko yao, yakiwa ya haki, humshukia kama baridi, akaugua hata akakiri. Ni fikira kubwa. Huweka sheria katika vinywa vya wanyonge. Lakini kuilinganisha na unabii wa Amosi moja kwa moja ni kuchanganya mambo mawili. Pumzi ya watu ni pumzi ya majirani. Hutoka ndani ya kijiji, na shabaha yake ni kurudisha ujirani mwema, ule ambao Wanyakyusa huuita ukwangala. Amosi hakuwa jirani. Tena katika Betheli hapakuwa na manung'uniko ya kutosha. Wanyonge walikuwa wamenyamaza, naye mwenyewe asema kwamba mwenye busara wakati ule hunyamaza. Alikuja kwa sababu pumzi ilikuwa imekatika. Hata hivyo, naamini kwamba mtu aliyelelewa na habari za embepo husoma kitabu hiki akiwa na sikio lililofunguliwa tayari, na hilo si kidogo.

Nirudi sasa kwa mzee wa Ipinda na maji yake. Neno la Kiebrania katika sura ya 5, mstari wa 24, ni mishpat, na Biblia ya Muungano imeliandika "hukumu". Mwaka 1952 hukumu lilikuwa neno lenye nafasi: uamuzi wa kadhi, utawala, haki itolewayo barazani. Tangu hapo neno limekuwa likisinyaa. Leo mtu akihukumiwa, amefungwa. Ukimwambia msikilizaji wa sasa kuwa hukumu iteremke, asikia adhabu yashuka juu ya vichwa vya watu.

Haifai kuwaonea watafsiri. Wako mabingwa wa Ulaya walioshika kuwa hata katika Kiebrania mstari huu ni tishio, kwamba Mungu atatuma adhabu kama gharika. Mimi siwafuati. Neno hilo hilo latokea katika mstari wa 7 wa sura ile ile, ambapo watu wameligeuza kuwa uchungu. Latokea katika mstari wa 15, ambapo waambiwa walisimamishe langoni, mahali pa baraza. Na katika sura ya 6 wameligeuza kuwa sumu. Adhabu ya Mungu haigeuzwi na mtu kuwa sumu. Kitu ambacho mwanadamu aweza kukiharibu na kukisimamisha ni haki itendwayo baina ya watu. Basi mstari wa 24, ukija baada ya Mungu kukataa sikukuu, sadaka na kelele za nyimbo, wataja kile anachokitaka badala yake. Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990 imeliona hili, ikaweka haki na uadilifu.

Lakini yako maji pia. Muungano wasema "maji makuu". Kiebrania husema nahal eitan, kijito kidumucho. Mtu wa Tekoa alipotazama chini kuelekea Bahari ya Chumvi aliona makorongo matupu. Mvua ikinyesha mlimani, korongo hunguruma kwa saa chache, hubeba mawe na mbuzi, kisha hukauka, na kesho yake mchungaji hupita katikati akitimua vumbi. Hayo ndiyo maji makuu ya Yuda, nayo ndiyo mfano wa ibada ya Betheli: kelele ya sikukuu, kisha ukavu. Amosi ataka kinyume chake. Ataka maji yaliyopo Oktoba.

Na Kyela hii yenye mvua ya kupita milimita 2,000 kwa mwaka ina mito minne ya namna hiyo: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yote haikauki. Mwanamke ashukaye na ndoo mwezi wa Oktoba hana haja ya kuuliza kama mto upo. Neno la nabii lilikuwa la kwake kabisa. Badala yake alipewa maji makuu, na maji makuu huku ni ya Aprili, ni nyumba kuanguka na mpunga kuoza. Hivyo mzee wangu, akiwa amezungukwa na mito minne isiyokauka, aliusikia mstari kama habari ya mafuriko. Na aliyefurikiwa, akiamini kuwa amehukumiwa, hatauliza ni nani aliyekata miti ya kingo za mto, wala kwa nini tuta halikujengwa.

Jambo la mwisho katika lugha ni kikapu cha sura ya 8. Amosi aonyeshwa kikapu cha matunda, aulizwa aona nini, ajibu. Kisha aambiwa kuwa mwisho umefika. Katika tafsiri zetu hakuna kiungo baina ya jibu na tamko, na wanafunzi wangu kila mwaka huuliza matunda yamekosa nini. Kwa Kiebrania kiungo ni sauti: tunda la kiangazi ni qayits, mwisho ni qets. Tena kalenda ya kale iliyochimbuliwa Gezeri mwaka 1908 yaonyesha kuwa mwezi wa matunda hayo ndio uliofunga hesabu ya mwaka wa mkulima. Muungano waandika "matunda ya wakati wa hari". Kwa mtu wa Nyasa hari ni Oktoba na Novemba, wakati wa kungojea mvua na kusafisha shamba. Kwake ni mlango wa mwaka, si kufuli yake.

Lakini Kiswahili kilikuwa na dawa chini ya mto wa kulalia. Tunda lililotimia hukomaa; jambo lililokwisha hukoma, na mwisho wake ni ukomo. Nabii aulizwe aona nini, ajibu kuwa aona matunda yaliyokomaa. Aambiwe kwamba watu wale wamefika ukomo wao. Nimelisoma hivi mbele ya wanafunzi, na safari hiyo hakuna aliyeuliza matunda yamekosa nini. Mwanafunzi mmoja, binti wa wakulima wa migomba, alinipinga kwa sababu nyingine. Alisema ndizi ikikomaa bado haijaiva; huikata mkungu ukiwa mgumu, na walaji wako mbali. Nalimwambia kuwa pingamizi lake ni la haki kwa habari ya ndizi. Kwa habari ya Israeli naona lasaidia: tangu Amosi anene hata Samaria ianguke mbele ya Waashuri, yapata 722 K.K., ilipita miaka kama 40. Mkungu ulikuwa umekwisha kukatwa, na ndani ya nyumba watu waliuona bado ni wa kijani.

Mistari ya mwisho kabisa ya kitabu, yenye divai ichuruzikayo milimani, wataalamu wengi huiona imeongezwa na mkono wa baadaye, nami nakubaliana nao. Mwisho wa kweli wa hoja ya Amosi, kwa maoni yangu, uko katika sura ya 9, mstari wa 7. Pale Mungu awauliza Waisraeli kama wao mbele zake si sawa na Wakushi, watu weusi wa Nile ya juu. Na kama ni kweli aliwatoa Misri, je, Wafilisti hakuwatoa Kaftori, na Washami Kiri? Wafafanuzi fulani wa Ulaya walifikiri Wakushi wametajwa ili kuwashusha Waisraeli. Maandishi hayana dalili ya jambo hilo. Wakushi wametajwa kwa sababu wako mbali, na mbali kwake Mungu ni sawa na karibu.

Katika masimulizi ya Unyakyusa aliyoyaandika Monica Wilson, wakuu walishuka kutoka Ukinga, wakaivuka milima ya Livingstone, vizazi kama 10 vilivyopita, wakawaletea wenyeji moto na ng'ombe. Wenyeji hapo kwanza walikuwa wakila vyakula vibichi. Kwa ajili ya safari ile na moto ule walistahili kutawala, na matambiko ya Lwembe huko Lubaga yalikuwa yakiikumbusha nchi jambo hilo. Israeli nao walikuwa na safari yao, na Betheli ilikuwa ikiikumbusha. Amosi hakatai kuwa safari ilikuwapo. Asema tu kwamba wengine nao walisafirishwa, na Yule Yule, na kwamba aliyeletwa kutoka mbali hatapimiwa kwa debe lake mwenyewe. Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitarudi kwa mzee wa Ipinda na mstari huo mkononi, niuone atakavyousikia yeye ambaye baba zake hawakushuka na wakuu, bali waliwakuta wenyeji wale wasio na moto wakawa nao wamoja.